Kengele ya Risasi Ililia
Mcheke msicheke, kengele yangu ililia. Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja mjini Kwa Vonza, na kengele hiyo niliitengeneza kwa madini ya risasi niliyoyeyusha kutoka betri ya gari. Ikiwa na joto la kawaida, ilitoa sauti butu kama ubao. Siku ya wazazi nikaichovya kwenye naitrojeni, ule umajimaji wa baridi kali ambao daktari wa ng'ombe hutumia kuhifadhia mbegu za fahali. Nikaigonga, ikalia kama ya kanisa.

"Baridi imezuia nishati ya mlio kupotea!" nikatamba. "Sikieni, bado inalia!"

Nikakataza hata kukohoa. Mlio ukaendelea, nami nikazidi kuvimba, mpaka mama mmoja akasimama.

"Mwalimu, pole. Hiyo inayolia sasa ni kengele ya mbuzi wangu niliyemleta kuchangia harambee. Anajikuna hapo mlangoni."