Mtoto Aliyeacha Kuamkia

Kuna asubuhi moja ya miaka ya tisini haijanitoka moyoni, mwanangu, nami nakusimulia kwa sababu nasikia mnahamia ng'ambo na watoto. Kaa kidogo. Chai ipo.

Tulikuwa tukiishi Majengo, Thika. Nilikuwa nimetoka tu shule, nangoja matokeo na kuringa bure. Mama mdogo, aliyeolewa Moshi, akatuletea binti yake Zaina, mtoto wa miaka kumi, asome Kenya apate Kiingereza. Siku hizo wengi wa kule walituona sisi ndio wajuaji wa masomo, na sisi, kusema kweli, tuliamini.

Zaina alikuja na adabu za kwao. Kila asubuhi alimwendea kila mkubwa, akainama kidogo, akasema shikamoo. Baba yangu, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo, alimjibu "sasa" huku akitafuta kiatu, au hakumjibu kabisa. Hakuwa mkali. Ndivyo sisi tulivyolelewa: mtoto anakula, anavaa, anaenda shule, na muhula ukiisha anaulizwa amekuwa namba ngapi. Kule Moshi Zaina alisoma kwa Kiswahili, na mkubwa yeyote mtaani alikuwa mzazi wake. Huku mwalimu alifoka kwa Kiingereza, na Jumamosi kulikuwa na tuisheni.

Baada ya wiki chache akaacha kuamkia. Kisha akaacha kuzungumza. Mwalimu akasema mtoto ni mzito, na baba akaamua kwamba Jumamosi atapanda basi arudi kwao. Mama alilia jikoni, maana alijua mtoto yule atakua akiamini kwamba ameshindwa.

Ijumaa nyanya, mamake baba, akaja kutoka Ruiru na kiroba cha mahindi. Alimketisha Zaina uani wapukuchue pamoja, akamuuliza, bila kumtazama usoni, mbona amekuwa kimya hivyo. Mtoto alimaliza hindi zima kabla ya kujibu.

"Nilikuwa nawaamkia, hawaniitikii. Kwetu mkubwa asiposema marahaba, amekukasirikia. Nikajua hawanitaki."

Niliona aibu, maana hata mimi sikuwa nikimwitikia. Nyanya akamgeukia baba, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Huyu mtoto si mzito. Amekubishia hodi kila siku, wewe hufungui. Sasa unamfukuza kwa sababu haingii?"

Baba akaingia ndani. Alikuwa mtu wa kiburi, na nilimpenda sana. Kesho yake hakuna aliyetaja basi. Baba alisimama uani na baiskeli yake, saa za kazi zinampita, anamngoja Zaina atoke. Alipotoka alitaka kupita kimya. Baba akakohoa, akamwita kwa jina. Alipoamkiwa aliitikia marahaba kwa sauti kubwa hadi jirani akachungulia. Tulicheka sana, na mama akafuta macho kwa ncha ya leso. Natamani ua ule hadi leo.

Usidhani naisifu Moshi tu. Thika ilimfundisha Zaina kunyoosha mkono na kumuuliza mwalimu kwa nini. Alipoenda likizo kwao, mama mdogo alilalamika kwamba tumemrudishia wakili.

Basi nasaha yangu ni hii. Huko muendako, mwanao huenda akaambiwa amwite mwalimu kwa jina na amtazame mkubwa machoni. Usipoteze muda kupima nchi ipi inajua kulea. Yeye atakuwa katikati, akitoa alichofunzwa na kungoja kuona kama kuna anayekipokea. Ukiona amenyamaza, usimwite mzito, wala usikimbilie kugombana na shule. Keti naye, mfanye kazi ndogo ya mikono, umuulize, halafu umngoje. Na ukigundua ni wewe uliyemnyamazisha, siku hiyo chelewa kazini.

Mungu awatangulie, mwanangu. Awape watoto wako walimu wenye subira, na awarudishe kwetu wazima, wakiwa bado na mengi ya kukwambia.