Siku ya Kurudi

Enzi zetu, safari ya pwani haikuanzia stendi ya Msamvu. Ilianzia kwa mjomba.

Tulikaa juu kidogo ya kijiji cha Mkuyuni. Baba mdogo alikuwa akifanya kazi Tanga, akatuandikia barua twende likizo ya Juni tukaione bahari. Mama akatoa sandukuni nguo za sikukuu, nyumba nzima ikanuka naftalini. Sisi watoto wanne tukaanza kugombania kiti cha dirishani kwenye basi ambalo hata hatujaliona. Lakini kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na baba hakuweza kutupeleka mbali bila ridhaa ya Mjomba Salumu, kaka yake mama.

Mjomba alishuka Jumamosi kutoka kwake mlimani, akala ndizi za nazi taratibu, akanawa, ndipo akauliza.

"Shemeji, huyu mdogo nani atamshika mkono?"

"Mama yake."

"Mtalala wapi?"

"Kwa mdogo wangu."

"Mnarudi lini?"

"Tutaona, shemeji," baba alijibu akicheka.

Mjomba akachukua kofia yake. "Basi na mimi nitaona."

Nguo zikarudi sandukuni. Siku tatu tulimnunia baba, hadi mama alipomwambia: "Kaka hajawahi kuiona bahari. Unawapeleka watoto asikokujua, halafu hata siku ya kurudi humpi?"

Kesho yake baba alipanda mlima na jogoo. Alirudi jioni bila jogoo. "Nimemtajia Jumanne ya wiki ijayo," alisema.

Tanga tulikunywa maji ya bahari makusudi, kuhakikisha kama kweli yana chumvi. Yalikuwa nayo. Jumatatu baba mdogo akatusihi tubaki hadi Ijumaa, kuna harusi kwa jirani na pilau haitakosekana. Tulilia palepale mchangani. Baba alisema tu, "Nimemtajia shemeji siku," akaenda kufunga mizigo.

Jumanne alasiri tuliposhuka Mkuyuni, mjomba alikuwa kando ya barabara. Mama muuza ndizi alituambia amesimama pale tangu asubuhi. Akatugusa vichwa, mmoja mmoja, wote wanne. Akasema, "Haya," akashika njia ya mlimani. Habari za bahari hakuuliza.

Sasa mjomba ni mimi. Binti wa dada yangu anawapeleka wanawe Tanga, na amenitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba! Chumba tumeshalipia kwa simu, tunaondoka Ijumaa." Nyuma yake watoto wanasikika wakiuliza kama hoteli ina bwawa la kuogelea, ilhali bahari iko mlangoni pake. Nikampigia, nikauliza swali moja tu.

"Kurudi? Aah, mjomba, tutaona!"

Sikuchukua kofia. Ni mtu mzima, ana simu, na barabara ni nzuri kuliko zamani. Nikamtakia safari njema.

Ila Mjomba Salumu, ambaye hakuijua bahari, alijua siku ya kusimama barabarani. Mimi ninayeijua, sijui nianze kusimama Msamvu lini.