Simu Zilizokusanywa Kabla ya Kura

Sikiliza, ndugu yangu uliye Kigoma, nikueleze kwa nini nilifunga safari ya Ubelgiji katikati ya baridi. Dada yangu Zuhura alikuwa Brussels peke yake, mimba imekomaa, na mumewe Idi amebaki Kivu, Kongo. Idi ni mbunge katika bunge la jimbo. Kule gavana hapigiwi kura na wananchi. Wabunge wa bunge hilo ndio humchagua. Na vita vilikuwa milimani, juu ya mji ambako kura hiyo ingepigwa. Zuhura alinipigia: "Njoo. Hapokei simu."

Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika simu. Kwenye tramu ya kwenda Laeken, mtaani kwake, hakuniuliza hata habari za mama. "Ikilia, nyamaza," alisema.

Asubuhi redio ilitangaza kwamba waasi wamesogea karibu na mji. Mchana majirani Wakongo wakaanza kuingia na viti vya plastiki na masufuria. Zuhura akasimama mlangoni.

"Viti vya nini? Nani kawaambia hapa kuna matanga?"

"Bon, maman, si matanga," alijibu Maman Furaha wa ghorofa ya chini. "Ni wali tu. Muntu wa mimba anapashwa kula."

Alasiri tulikwenda mtaa wa Molenbeek kwa Tonton Saidi, muuza unga wa ugali na dagaa, anayezijua siasa za kwao. Akacheka. "Donc hamujue? Mbele ya kura, mugombea anafungia badéputé wake ku hoteli, anakamata simu zote. Eti bengine basikuye kubanunua! Bwana yako iko anakula kuku, maman." Yaani wabunge hufungiwa ili wagombea wengine wasije kuwahonga.

"Na risasi?" Zuhura aliuliza.

Tonton akaacha kucheka. Akatufungia dagaa.

Siku ya kura tulikaa jikoni, wali umepoa. Namba ngeni ikaita.

"Zuhura? Ni mimi. Hii ni simu ya mupishi wa hoteli. Tumeshindwa."

"Nani kakuuliza kura? U mzima?"

"Niko muzima."

"Basi shindwa kila siku!" Akaketi sakafuni, akalia, kisha akaomba wali.

Zuhura alijifungua salama, nami nilirudi nyumbani baada ya arobaini ya mtoto. Nilichojifunza ni hiki: wakubwa hukusanya simu za wabunge, lakini jikoni hawaingii. Kwa hiyo mtu wako akiitwa kwenye kura ya namna hiyo, mwambie hivi: akifika hotelini, kabla hajatoa simu yake, akutumie namba ya mpishi.