Kurasa za Mwisho Zilizofungia Vitumbua

Mkiniita Prezida wa Vitumbua nacheka pamoja nanyi, lakini siku jina hilo lilipozaliwa niliona aibu ya kumtosha mtu maisha yake yote, na hadi leo nikikutana na padri wetu naangalia viatu vyangu kwanza.

Klabu yetu ya kusoma pale parokiani, niliyoianzisha mimi mwenyewe, ilikuwa imelala. Kila Jumapili baada ya misa nauliza, jamani, mmekionaje kitabu, wanajibu kizuri, basi, tunaangaliana mpaka saa ya kwenda kula bukari, ugali wetu. Padri akaniambia kwa upole kwamba Jumapili ijayo atakuja kusikiliza, na akitukuta bubu tena chumba anakipa kwaya, ambayo angalau ina sauti.

Nikapata akili. Riwaya tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, kuukuu, kurasa zinachomoka zenyewe, nikaigawa vipande, kila mtu chake, ili kila mmoja alazimike kuwasimulia wenzake (kwa hilo najisifu mpaka kesho). Kurasa za mwisho nikajiwekea mimi, kwa cheo changu, nikaziacha mezani jikoni nikisema nitazisoma kesho, kesho ikawa keshokutwa, na Jumapili asubuhi nakuta meza tupu. Mke wangu anakaanga vitumbua vya kuuza mlangoni petu, na jana yake karatasi za kufungia zilikuwa zimemwishia.

Mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikavaa suti.

Na klabu ikawaka kweli! Watu wanasimulia kwa zamu habari za mjane ambaye wakwe zake wanaitaka nyumba ya marehemu, wanakatizana, padri anatikisa kichwa kwa kuridhika, mimi nimeumuka kama unga wa mke wangu, mpaka padri akanigeukia.

“Prezida, si weye njo uko na mwisho? Utuambie basi.”

Nikasema (nikitaka kumpendeza) kwamba mjane alipatana na wakwe zake, wakasali pamoja, wakaishi wote nyumba moja. Hapo Mama Mwamba, muuza samaki wa Kasenga, ambaye mwaka mzima hakuwahi kutamka neno klabuni, hata kipande alikataa kupewa, akatoa kwenye kikapu karatasi zenye mafuta.

“Hapana, Prezida. Ule mama alibaachia nyumba, akatosha mulango, akaenda nayo. Nilisoma hapa, kwa bitumbula bya madame wako.”

Walicheka, padri alicheka mpaka akavua miwani, nami nikatamani ardhi inimeze na suti yangu. Kisha mtu akauliza, kung'oa mlango na kwenda nao, wa nini sasa? Mama Mwamba hakucheka.

“Mulango njo alinunuaka yeye mwenyewe. Mi pia balinifukuzaka kwa nyumba ya bwana yangu. Lakini mulango, sikuwazaka.”

Kicheko kikaisha. Halafu wakaanza kuongea wote, kwa hasira, kwa machozi, yupi alikosea, yupi angefanya nini, na saa ya bukari ikapita bila mtu kuinuka, padri mwenyewe akibishana na wamama wawili. Chumba ni chetu mpaka leo, kwaya inaimbia uani.

Mimi nimeapa sitasimulia tena ukurasa ambao sijausoma, na karatasi za kufungia vitumbua nanunua mwenyewe. Kurasa za mwisho siku hizi tunampa Mama Mwamba, na kila Jumapili yeye ndiye wa kwanza kufika.