Malipo ya Mama Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa muhuri, kitabu cha stakabadhi na kiti kilichokuwa na mguu mmoja mfupi. Chuo chetu kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya maduka ya vitambaa ya Kariakoo, na ofisi ya fedha ilikuwa chumba chenye dirisha dogo la nondo linalotazama korido. Wanafunzi na wazazi walipanga foleni upande ule, mimi nikakaa upande huu. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mtunza Fedha, mzee mwembamba aliyevaa suti ya Kaunda kila siku ya Mungu, hata Februari ambapo jiji zima linatoka jasho. Alikunja kipande cha boksi akakisokomeza chini ya ule mguu wa kiti, akaniambia, "Mama Deo, hapa dirishani watu watakuletea hadithi. Zisikilize zote. Ila utakachoandika ni kile kilicholipwa."

Deo ni mwanangu wa kwanza. Nilianza kazi akiwa bado ananyonya, na tangu azaliwe sikumbuki kuitwa kwa jina langu mahali popote isipokuwa hospitali na benki. Hata kwenye bahasha ya mshahara yule mzee aliandika Mama Deo, nami nikaona sawa tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi alikuwa na ukurasa wake kwenye leja, lile daftari kubwa la mahesabu: kushoto ada anayodaiwa, kulia alichokwisha kulipa. Mzazi alikwenda kulipa benki, akapewa hati, akaileta dirishani, nami nikamwandikia stakabadhi. Mwisho wa mwezi benki ilituletea taarifa ya pesa zote zilizoingia, na nililinganisha taarifa hiyo na leja mstari kwa mstari. Shughuli hiyo tuliiita usuluhisho, na ilinichukua siku mbili za kuumwa shingo.

Haikukosekana pesa yatima. Utakuta fungu limeingia, lakini mlipaji ameandika jina moja tu, au jina la duka, na hati hajaleta. Mtunza Fedha alikuwa na ukurasa maalumu nyuma ya leja, akiuita ukurasa wa kusubiri. Pesa isiyo na mwenyewe usiigawe, alikuwa akisema. Iache ikae, mwenyewe yuko mahali anahangaika nayo, atakuja. Na kweli walikuwa wakija.

Ukikaa dirishani muda mrefu unajua watu wanavyotafuta ada. Wauza jumla wa kutoka Kilimanjaro, watu wa kwetu hao, walilipa mwaka mzima Desemba kabla ya kupanda basi kwenda nyumbani, maana hakuna aliyetaka kuulizwa na wazee mbele ya mbuzi wa Krismasi kama mtoto bado anasoma. Familia za Waarabu wenye maduka mjini walichangiana: baba mdogo analeta fungu, baba mkubwa analeta fungu, na mjomba anamalizia. Akina mama wa soko la samaki la Feri na wa Buguruni walitegemea mchezo. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile kila siku, na fungu lote linakwenda kwa mmoja wao, kwa zamu. Mwenye mtoto chuoni aliomba zamu yake iangukie muhula unapofunguliwa, na wenzake walimpisha.

Ada nayo haikukaa mahali pamoja. Ilipanda kama kodi ya fremu za maduka ya Kariakoo: jirani amepandisha, nawe unapandisha, na sababu itatafutwa baadaye. Tangazo la ada mpya nililibandika ubaoni mwenyewe kila mwaka, kisha nikarudi kukaa nisubiri maswali. Niliwaona wazazi waliozoea kulipa kwa mkupuo mmoja wakihamia miwili, kisha minne. Kuna aliyeuza kiwanja chake cha Chanika ili mwanawe amalize mwaka wa mwisho, na kuna aliyeuza cherehani. Mkopo wa serikali tuliusikia kwa wenzetu wa shahada. Wanafunzi wetu wa stashahada, wengi wao, mkopo wao ulikuwa mama.

Mtunza Fedha alipostaafu, akaja Mhasibu Mkuu, kijana nadhifu, mwepesi wa hesabu, mwenye kompyuta ya kwanza kuingia ofisi ile. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumfikirie hivyo. Lakini aliogopa wakaguzi kama paka anavyoogopa maji, na wakaguzi walikuwa wamemwambia kwamba ukurasa wa kusubiri ni mahali pa kufichia wizi. Akatoa amri kwamba kila mwisho wa mwezi ukurasa huo uwe mtupu. Nilimweleza maneno ya mzee. Akanijibu kwa adabu kwamba mzee alifanya kazi yake, sasa na yeye afanye yake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ninalotaka kuwasimulia. Muhula mmoja taarifa ya benki ilileta fungu kubwa, mlipaji ameandikwa "Mama Zuhura", basi. Hati haikuletwa. Nilipekua leja nikakuta tuna Zuhura mmoja tu chuo kizima, Zuhura Salim, binti wa familia moja ya wenye duka, na kweli alikuwa bado anadaiwa. Mwezi ulikuwa unaisha. Nikaihamishia pesa ile kwenye ukurasa wake, nikafunga leja, nikaenda kunywa chai. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, nami sikuuliza.

Ikafika wiki ya mitihani. Utaratibu ulikuwa kwamba bila kumaliza ada hupewi kadi ya mtihani, na bila kadi huingii chumbani. Asiyefanya mtihani pasipo ugonjwa wala msiba anarudia mwaka mzima. Wa kwanza kuja siku ya kugawa kadi alikuwa Mwanaidi, msichana wa mwaka wa pili, stashahada ya ugavi, mpole, ambaye hakuwahi kuuliza jambo lolote dirishani kabla ya kusema shikamoo. Nikafungua ukurasa wake. Upande wa kulia ulikuwa mweupe. Nikamwambia akamwite mzazi.

Mama yake alikuja kesho yake, asubuhi ya mtihani wenyewe, ametoka moja kwa moja kwenye karai lake la kukaangia samaki Feri. Akaeleza bila kubabaika. Ada ile ilikuwa pesa ya mchezo. Wenzake ishirini walimpisha zamu. Katibu wa mchezo ndiye aliyeipeleka benki kwa niaba yake, kwa sababu pesa ya zamu ikishafika nyumbani haitoki tena nzima. Hati ilibaki Jangwani, nyumbani kwa katibu, kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, na maji ya masika yakaingia ndani yakaondoka na godoro na mfuko. Benki walikuwa wamemwambia nakala itachukua siku kadhaa.

Nikamuuliza jina la mlipaji. Akatengeneza kanga yake begani, akasimama wima kama mtu aliye mbele ya hakimu, akanitajia: Halima Juma. Nikapitisha kidole kwenye taarifa ya benki tangu muhula ulipofunguliwa. Nilipitisha mara mbili, haki yangu nipewe. Halima hakuwemo.

"Nimelipa," akasema. "Nina mashahidi ishirini."

"Mashahidi hawaandikwi kwenye leja, mama."

Foleni ikacheka. Nakumbuka kwamba jibu lile lilinipendeza, na mpaka leo naona aibu kuliandika. Mwanaidi hakucheka wala hakulia. Alimshika mama yake mkono wakashuka ngazi, na mtihani ukaanza bila yeye.

Jumamosi ya wiki ileile nilikwenda Feri kununua vibua. Nilikuwa nimeinama nachagua, mchukuzi mmoja akapita nyuma yangu na tenga la samaki, akaita, "Mama Zuhura, mzigo wako huu." Aliyegeuka kuitika alikuwa yule mama. Pembeni yake, ndoo mbele ya magoti, Mwanaidi alikuwa anaparua magamba.

Niliuona ule mstari wa taarifa ya benki, na niliuona mwandiko wangu mwenyewe kwenye ukurasa wa Zuhura Salim. Nikamsogelea nikamuuliza Zuhura ni nani.

"Mwanangu wa kwanza," akasema. "Kaolewa Tanga. Huyu Mwanaidi ni wa tatu."

"Mbona siku ile hukuniambia kwamba unaitwa Mama Zuhura?"

Akageuza samaki kwenye karai kwanza. "Uliniuliza jina, nikakupa la kwenye kitambulisho. Ofisini si ndilo linalotakiwa? Hilo la Halima hata katibu wetu aliyekwenda benki halijui."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Mimi niliyeitwa Mama Deo miaka yote ile, na bosi, na wafagizi, na mpaka mlinzi wa getini, sikuwaza kwamba mwanamke aliyesimama mbele ya dirisha langu naye ana mtoto wa kwanza.

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa Mhasibu Mkuu kabla hajavua koti. Akanisikiliza, kisha akasema tunaweza kurekebisha leja bila kuandika sababu. Nitakuwa mwongo nikisema sikulifikiria. Kiinua mgongo changu kilikuwa mbele, na Deo mwenyewe alikuwa anasoma. Lakini bila sababu kuandikwa, Mwanaidi angebaki kwenye kumbukumbu za chuo kuwa msichana asiyelipa ada. Nikaandika barua ya maelezo, ukurasa mmoja, nikatia sahihi. Majibu yake yalikuwa barua ya onyo, na cheo cha mhasibu msaidizi nilichokuwa nakisubiri kikapita pembeni yangu kikaenda kwa mwingine.

Ile familia ya Zuhura Salim, nilipowapigia, baba mkubwa alikuja mwenyewe. Walikuwa ndugu watatu, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemalizia ada. Alilipa palepale, akainunulia ofisi nzima soda kwa kuona haya.

Upande wa Mwanaidi haukunyooka. Mkuu wa Chuo, mama mwenye sauti ya chini, alilipeleka jambo kwenye kamati ya mitihani. Kamati ikasema karatasi zimeshafanywa, na mtihani wa peke yake ni wa mgonjwa na mfiwa tu. Atarudia mwaka, na alicholipa kitahesabiwa. Lakini ada ya mwaka unaofuata ilikuwa imepanda, na nyongeza lazima ilipwe. Nilimsihi Mkuu wa Chuo atozwe ada ya zamani, kwa kuwa kosa ni letu. Akatikisa kichwa. "Ada ni ya mwaka, Mama Deo, si ya mtu," akasema, na niliona kwamba hakuyapenda maneno yake mwenyewe.

Basi nikatia nyongeza ile kwenye bahasha, nikaenda nayo Feri. Mama Zuhura hakuipokea. Alifuta mikono, akaitazama bahasha, akanirudishia.

"Pesa ya kunyamazishwa sipokei," akasema. "Kama inakuuma, ingia mchezo. Zamu yako ikifika utajua mwenyewe pa kuipeleka."

Nikaingia. Kila siku baada ya kazi niliteremka Feri na mchango wangu, nikasimama kwenye moshi wa mafuta pamoja nao. Zamu yangu ya kwanza niliipeleka benki mwenyewe, ikamaliza ada ya Mwanaidi.

Alirudi darasani na watoto waliokuwa nyuma yake. Dirishani aliniamkia kama zamani, nami nikaitikia marahaba, lakini kila hati aliyoleta alikuwa ameandika nyuma yake majina matatu: lake, Halima Juma, na Mama Zuhura. Nilizipokea hati zile moja moja mpaka alipomaliza, na kila moja iliniuma upya. Sasa ni mtunza ghala wa mfanyabiashara mmoja Buguruni, na nasikia hakuna kitu kinachotoka ghalani kwake bila kuulizwa vizuri ni cha nani.

Nilistaafu chini ya bosi wa tatu, Mkurugenzi wa Fedha, wakati leja zimeshawekwa stoo. Siku hizi kila mwanafunzi ana namba yake ya malipo. Unalipa kwa simu ukiwa umekaa kitandani, na jina la mlipaji halimsumbui mtu. Ni jambo jema, sina ubishi nalo. Ada yenyewe bado inapanda, na bado wazazi wanaitafuta kulekule tulikowaona wakiitafuta. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, wakaniomba neno kwa makarani wapya. Nikawaambia wakimuuliza mtu jina lake, wamuulize na anakofanya kazi wanamwitaje. Wakapiga makofi. Sijui kama walinielewa.

Mchezo sijauacha. Pensheni ni ndogo, mjukuu wangu mkubwa ameingia chuo, na zamu yangu ijayo wenzangu wamenipisha iangukie mwanzo wa muhula.

Siku ile nilipojiunga, katibu alishika kalamu juu ya daftari jipya, akauliza aniandike nani. Nilifungua mdomo niseme Mama Deo. Mama Zuhura akaniwahi, wala hakuinua macho kwenye karai lake.

"Mwandike Mama Dirisha."

Wakacheka wote ishirini. Nikacheka nao, ingawa lilinichoma. Basi huko ndiko ninakojulikana kwa jina hilo, na nikiitwa naitika. Mkija Feri mkanitafuta kwa lile la kwenye kitambulisho, hamtanipata.