Wiki Sita Kibandani kwa Mke Wangu

Mke wangu alivunjika kifundo cha mkono wa kulia siku ya Jumanne, kwa kuteleza penye bomba la maji nyuma ya nyumba yetu hapa Malindi. Hospitalini walimfunga plasta, wakamwambia asiutumie mkono ule kwa wiki sita. Daktari alipomaliza, mke wangu hakumuuliza kuhusu maumivu. Alinigeukia mimi, akauliza, "Sasa nani atakanda unga?"

Kwa miaka kumi na moja amekuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, katika kibanda cha mabati kando ya barabara iendayo sokoni. Ni meza moja, majiko mawili ya makaa na mabenchi mawili. Mimi nilikuwa karani wa stoo, na kampuni yangu ilikuwa imefunga milango mwezi uliotangulia. Nikamwambia nitakanda mimi.

"Baba watoto," alisema, "kukanda utaweza. Lakini ukinirudishia kile kibanda kimekufa, mimi sitakianza tena. Nguvu ya kuanza nilikuwa nayo mara moja tu."

Nikamwahidi nitamrudishia kikiwa hai. Kesho yake mama yake alitoka kijijini Ganda kuja kumchukua. "Nikimwacha hapa," mama mkwe aliniambia, "keshokutwa nitamkuta akikanda kwa mguu."

Mimi ni mtu wa kujifunza kwa hatua. Umeme wa nyumba nilijifunza hivyo, na uwekaji wa vitabu vya stoo pia, kutoka vitabu vikuukuu vilivyouzwa barabarani. Kwa hiyo nilipima kila kitu: unga, sukari, hamira, iliki, na tui lilivyotakiwa kuwa zito. Nilitia kipande cha unga ndani ya mafuta nikahesabu sekunde mpaka kielee. Siku ya nne mahamri yangu yalifura yote, yakawa na uwazi ndani, na yalilingana kiasi kwamba ungedhani yametoka kiwandani. Nilifurahi sana.

Wiki ya pili, benchi moja lilikuwa tupu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama auzaye chapati, na niliwaona watu wawili watatu wa kwetu wamekaa kwake. Walikuwa wamenipa mgongo, naamini kwa heshima, ili macho yetu yasikutane.

Jumapili nilikwenda Ganda na mahamri kwenye kitambaa. Mke wangu akala moja polepole.

"Halina kasoro," akasema. "Nawe, watu wawauliza hali?"

"Nawauliza wanataka mangapi."

Mama mkwe alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini ili acheke vizuri.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa stoo pekee angelifanya. Nilitoa daftari nikamwomba mke wangu anitajie wateja wake, mmoja mmoja, na mambo yao. Akaanza. Dereva wa tuktuk mwenye kofia nyekundu apewe mbaazi za chini, nzito. Mkewe ni mjamzito. Mwalimu wa madrasa hutaka hamri lililokataa kufura, maana ndilo apendalo, na haombi kwa kuona haya. Mama fundi cherehani huchukua mahamri mawili laini, mbali na yale yake, ya kumpelekea mama yake, bibi asiye na meno ambaye huumwa na miguu. Aliendelea hivyo mpaka jua likapinda. Alitaja watu arobaini na watatu. Alisahau mkono uliokuwa ukimuuma; mara kwa mara alicheka peke yake kabla hajanieleza anacheka nini. Tumeoana miaka ishirini na mimi sikuwa nimejua kwamba alikuwa na watu wote wale.

"Lakini usiwasomee," aliniambia nikiondoka. "Usije ukawa kama askari achukuaye maelezo."

Nikawasomea. Daftari nililiweka chini ya meza, nikalitupia jicho kila mtu alipokaribia.

"Mbaazi za chini," nilimwambia dereva wa tuktuk. "Na mkeo hajambo mimba?"

Akasimama na bakuli mkononi. "Karani, leo wanikagua?"

"Namuulizia tu."

"Hajambo. Na pikipiki ya jirani yangu pia haijambo, iandike." Benchi zima likacheka, nami nikacheka nao, lakini siku ile aliketi kwangu, na kesho yake akarudi. Nikahesabu kwamba mbinu inafanya kazi. Pembeni ya majina ya wasioonekana niliweka alama ndogo ya msalaba. Mama fundi cherehani alikuwa na misalaba kumi na miwili mfululizo.

Siku ya kumi na tatu akaja. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, leso kichwani, kama mke wangu alivyonieleza. Nilikuwa na mahamri sita ndani ya karai. Nilichungulia chini ya meza haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Bibi naye, miguu haijambo? Nikufungie yale mawili laini?"

Alitazama mahali nilipokuwa nimetazama, akaliona daftari.

"Mama tulimzika Ijumaa ya juzi," akasema.

Mwalimu wa madrasa akaacha kutafuna. Nami nilitambua kosa langu lilikuwa wapi, kwa usahihi kabisa. Kwa siku kumi na mbili niliona kwamba mtu huyu haji, nikaandika kwamba haji, wala sikumuuliza mtu yeyote kwa nini. Kulikuwa na watu wanane kwenye benchi ambao wangeniambia.

Nilizunguka meza nikatoka nje, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nianze, nikamshika mikono. Mikono yangu ilikuwa na unga. Akainamisha kichwa, na tukasimama vile kando ya barabara, watu wakipita. Aliniambia bibi aliugua siku tatu tu. Aliniambia siku ya mwisho alikunywa chai akauliza mbona leo hakuna cha kuchovya.

Kisha akanusa. "Baba, mahamri yako yaungua."

"Yaache."

"Sita yote?"

"Yaache, mama. Niambie."

Akakaa kwenye benchi akatueleza habari za mama yake, na mwalimu wa madrasa akasogea kumpa nafasi. Wateja watatu walisubiri bila kulalamika. Kukatoka moshi. Mmoja wao, sijui nani, akainua karai akaliweka chini.

Mchana nilimpigia mke wangu simu. Akalia, maana bibi yule alikuwa akimtumia salamu kila siku na hawakuwahi kuonana. "Ulimwambia nini?" akauliza. Nikamwambia sikumwambia kitu, nilikaa naye. "Nashukuru," akasema.

Tangu hapo niliuliza nilipotaka kujua, na nilipokuwa sijui nilisema sijui. Nilikosea majina. Dereva wa tuktuk alinicheka mpaka mkewe akajifungua mtoto wa kike, akaniletea picha kwenye simu. Siwezi kusema ni lini hasa benchi la pili lilijaa tena, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimeacha kuandika.

Plasta iliondolewa wiki ya saba. Mkono ulikuwa mwembamba na mgumu, na daktari alisema nguvu zitarudi kwa miezi, si kwa siku. Hata hivyo asubuhi ya kwanza mke wangu alifika kibandani nami gizani. Alijaribu kusukuma donge moja la unga. Akasukuma mara mbili, akaacha, akaniachia kazi hiyo bila kunitazama.

Watu walipoanza kuja walimpokea kama bibi harusi. Lakini ilipofika saa ya kupakua nilimwona ametulia mbele ya sufuria. Mkono wa kulia haukuweza kuinua upawa uliojaa. Wa kushoto uliweza, lakini huku kwetu humpi mtu chakula kwa kushoto, na yeye kwa miaka kumi na moja hajawahi kumfanyia mtu hivyo. Nilisimama ili nimpakulie. Akatikisa kichwa. Sikujua alitaka nini, na nadhani naye hakujua.

Mama fundi cherehani ndiye aliyekuwa mbele. Akasogeza bakuli lake mpaka likagusa sufuria.

"Tia, mwanangu."

"Mama, nina mkono wa kushoto tu. Niwie radhi."

"Nimekuuliza mkono gani? Tia, watu wana njaa."

Mke wangu akachovya upawa mpaka chini kwa mkono wa kushoto, akamimina polepole, na tone halikumwagika. Nyuma ya mama fundi watu walikuwa tayari wamenyoosha mabakuli. Nami nikarudi kwenye unga, maana mahamri yaliyokuwapo mezani yasingetosha.