Tofali la Elfu Nne na Moja

Mnisamehe mwandiko huu na maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole.

Huku Mhezi nilifyatua matofali ya nyumba yangu ya kwanza. Yalipofika elfu nne, udongo wa tofali moja ulikuwa umebaki. Nikaufyatua pia.

Nilipojaribu kuyapanga mafungu yaliyo sawa, moja lilibaki nje. Nikabadilisha mafungu, yakabaki mengine. Nikachukua kijiti nikagawanya chini: kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja. Nilifika sitini na moja nikaacha, maana mbele ya hapo jibu huwa dogo kuliko kigawanyo, na madogo yote nilishayajaribu. Ilikuwa namba tasa. Mtu mmoja angeweza kuyabeba yote, au watu elfu nne na mmoja wabebe moja moja. Katikati hapakuwa na kitu.

Asubuhi majirani arobaini walikuja kunisaidia kuyapeleka kwenye tanuri kule bondeni. Yalikuwa mabichi, na wingu lilishakaa juu ya mlima. Yakilowa, ni tope. Lakini huku kwetu, kama kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji ya kutengeneza barabara, hakuna anayeanza kabla kila mtu hajaonyeshwa kipande chake, na vipande lazima viwe sawa. Mwenye kazi naye habebi. Akibeba, watu huona wanaharakishwa.

Baba mdogo ndiye aliyegawa. "Mia mia. Limebaki moja."

"Abebe mwenye miguu mirefu," alisema shangazi.

"Miguu yangu haijaja kuonewa," akajibu jirani yetu mrefu, akakaa chini.

Baba mdogo akamwambia mmoja akasaidie jikoni. Kwa watu thelathini na tisa yakabaki ishirini na matatu. Akamrudisha.

"Hii hesabu ina ugonjwa," alisema.

Nilijua ugonjwa wenyewe, ila mbele ya watu wazima sauti yangu huwa haitoki. Tone la kwanza likaangukia mkono wangu. Nikaliokota lile tofali, nikalinyanyua, nikaliachia juu ya jiwe. Likawa udongo. Watu wote wakanitazama.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza baba mdogo.

"Elfu nne," nikasema. Nikakumbuka sijawasalimia. "Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia. Baba mdogo akatazama wingu. "Mia mia. Twendeni."

Mvua kubwa ilitukuta tunakula makande. Tanuri lilikuwa limeshafunikwa mabati.

Sasa nalala ndani ya nyumba hiyo. Juu ya dirisha pana nafasi ya tofali moja, nimeziba kwa udongo. Shangazi kila akija huitazama kwanza, ndipo anikaribie.

Kama huko kwenu kazi hugawanywa sawa, tafadhali niandikieni: kinachobaki anabeba nani? Mkiandika polepole si neno, nami nasoma polepole.